Gari Lililotubu Ruiru

Juzi, kwenye yadi moja ya magari pale Ruiru, nilikutana na gari nililolijaribu mwaka mzima kwa ajili ya jarida letu la magari, kisha jarida likaliuza. Muuzaji alikuwa amebandika makala yangu kulihusu kwenye kioo chake, nadhani kwa sababu ya picha, maana hakuwa ameisoma. Mama mmoja mfugaji aliisoma kwa sauti, kidole mstarini:

"Mvua inaingia. Breki zinalia. Mlango wa nyuma hujifungua wenyewe."

Muuzaji akakohoa.

"Hizi zingine zote ati hazina makosa," mama akamwambia. "Hii imetubu mbele ya watu. Naichukua."

Nikashindwa kunyamaza. "Na ule mlango, mama?"

"Si mbuzi watajishukia?"

Mwaka mzima nilidhani naonya wanunuzi, kumbe naliandikia gari ushuhuda wa wokovu.