Picha ya Marijani yenye mistari michache

Saa mbili na nusu asubuhi, Herieth Mlay anasimama nje ya chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, katika maabara moja ya Guangzhou, China, macho mekundu, akitazama lifti. Fundi wa mashine, mama wa Kichina ambaye hawaelewani naye sana kwa lugha, anamletea maji ya moto na kumsogezea kiti.

Anayesubiriwa ni Marijani, mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua nguo Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo mjini humo. Asipokuja, utafiti wa miaka miwili unakosa mtu wa thelathini wa kundi lake.

Herieth, 38, mzaliwa wa Moshi, ni msaidizi wa utafiti. Analinganisha ubongo wa Watanzania thelathini wanaolala vizuri na wa thelathini wanaokesha na simu za wateja wa nyumbani, kwa kuwa Guangzhou iko mbele kwa saa tano. Kila mmoja hupigwa picha mara mbili.

Kompyuta hugawa ubongo sehemu tisini, kisha hupima kila sehemu inavyoshirikiana na nyingine. Kila ushirikiano huchorwa kama mstari mmoja: mistari 4,005 kwa kila mtu. Mingi ni hafifu, hivyo huwekwa kizingiti: mstari ulio juu yake unabaki, ulio chini unafutwa.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema.

Baada ya awamu ya kwanza, wafanyabiashara waliomba picha zao za ukumbusho. Abdulhadi, rafiki wa Marijani, alichapiwa yenye mistari kama mia nane. Kesho yake Herieth, akiwa hoi, alichapa ya Marijani bila kuona kwamba kizingiti kimepandishwa. Ikatoka na mistari mia mbili.

Walipoziweka pamoja mgahawani, Abdulhadi alicheka mpaka akapaliwa. "Laoban, bosi wangu, kichwa kimebaki stoo tupu!"

Marijani hakucheka. Aliacha kupokea simu za Herieth. Akamwandikia mkewe Dar es Salaam majina ya wateja wote, asije akawasahau.

"Wiki tatu mtu anaamini akili inamwisha, kwa sababu ya uchovu wangu," anasema Herieth. Habari hizo alizipata jana. Akamfuata Kangle, akamkuta kati ya marobota ya vitambaa, akamwomba radhi mbele ya wauzaji. Marijani alisema atafikiria.

Lifti inafunguka. Marijani anatoka, Abdulhadi nyuma yake na mfuko wa maandazi.

"Dada Herieth, nimekuja. Lakini kwanza nione mwenyewe."

Herieth anaweka kizingiti kimoja kwa picha zote mbili. Marijani anainama, anahesabu kwa kidole, anachoka. Mistari inakaribiana kabisa.

"Kwa hiyo mimi na huyu vichwa vyetu ni sawa?"

"Kwa picha hizi, kaka, siwezi kuwatofautisha."

"Mbona hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

Abdulhadi anamtwanga begani. Marijani anacheka mpaka anafuta machozi, na anaendelea kuyafuta hata kicheko kikiwa kimekwisha. Abdulhadi anamshika mkono.

"Sasa kukesha kunatuharibu au hakutuharibu?" anauliza Marijani.

"Bado sijui. Nikipima mistari elfu nne mmoja mmoja, kama mia mbili itaonekana tofauti kati ya makundi mawili kwa bahati tu. Kwa hiyo nitachanganya majina ya wanaolala na wanaokesha, mara elfu tano. Kama tofauti kubwa kama nitakayoipata inajitokeza mara nyingi hata majina yakiwa yamevurugwa, siwezi kuiamini."

"Na usipopata kitu?"

"Nitaandika kwamba sikupata."

Mkataba wake unaisha Juni, na jibu la "hakuna" haliwavutii wafadhili. Ndiyo maana ameandika kizingiti chake kwenye karatasi, akasaini, akamkabidhi mkuu wa maabara kabla ya kufungua picha za awamu ya pili. "Nikishajua jibu ninalolitaka, sijiamini," anasema.

Marijani anavua saa na mkanda, anampa Abdulhadi, anaingia. Chumba ni baridi. Fundi anamfunika miguu kwa blanketi.

Herieth anatamani kuwaita washiriki wote sitini, amweleze kila mmoja picha yake wakiwa wamekaa. Kwa leo, Marijani akitoka tu, anakwenda nyumbani kulala. Hesabu zitaanza kesho.

"Kosa la kwanza nililifanya nimechoka," anasema. "La pili sitaki."