Bi Nta na Wembe wa Siku Ile

Mke wa mwanangu wanamwita Bi Nta, na jina hilo nilimpa mimi, kwa kumkejeli. Alipoolewa nilimuuliza anafanya nini huko hospitali, akanijibu anakata nta. Nikasema, "Makubwa! Mwanangu kaoa mtengeneza mishumaa." Hakucheka. Yeye si mtu wa kucheka ovyo na mimi si mtu wa kuomba radhi, basi tumeishi nyumba moja miaka kumi na minne tukipishana mlangoni kama wapangaji. Mwanangu ni dereva wa malori, hayupo kutuamua.

Kazi yake nimeielewa kwa shida, maana shule niliishia kusoma jina langu na vibao vya maduka. Mgonjwa akikatwa kipande kidogo cha nyama, kinatiwa kwenye formalini, dawa kali inayozuia kisioze. Halafu kinagandishwa ndani ya nta, kinakuwa kitofali kidogo kama sabuni ya nyumba ya wageni, na kinaweza kukaa drooni miaka. Bi Nta hukikata kwa wembe, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Vingine vinatazamwa kwa darubini. Vingine vinaingia kwenye mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu, hata kama kijidudu chenyewe kilishakufa. Ni kama kumjua mtu kwa nyayo zake na mwenyewe keshaondoka.

Mjukuu wangu, binti yao, alikuwa na miaka saba alipoanza kulia mgongo. Tukadhani kaanguka shuleni. Ukatokeza uvimbe. Mpasuaji akakata kipande cha nyama karibu na uti wa mgongo, akakitumbukiza chote kwenye formalini. Bi Nta akakiona kichupani. "Wangeniachia hata punje moja mbichi, tungeotesha vijidudu vyake tukavitambua," alisema. Sasa vilikuwa vimekufa, imebaki mashine tu. Daktari hakujua kama ni kifua kikuu cha mifupa au saratani, na dawa za kimoja zisingemfaa mwenye kingine. Akasema tusubiri jibu.

Jibu likatoka Jumatano. Nililiona kwenye mkoba wa Bi Nta, karatasi imekunjwa mara nne, ina jina la mtoto. Neno KIPO, yaani kifua kikuu kipo, nalisoma bila msaada wa mtu. Nikamfuata jikoni.

"Mtoto analia kutwa, na wewe umekalia jibu?"

"Hilo si jibu, mama."

"Limeandikwa!"

"Nimeliandika mimi, na nimelifuta mimi."

Akanieleza. Kati ya mgonjwa na mgonjwa wanakata nta tupu, isiyo na nyama ya mtu, nayo wanaipima. Ni mlinzi wao. Siku ile mkuu wa maabara aliamuru wembe mmoja utumike kwa wagonjwa wote kumi, kwa kuwa nyembe zilikuwa zinakwisha. Na ile nta tupu mashine ikaisomea KIPO. Wembe ulikuwa umebeba uchafu kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, na haijulikani ulianzia kwa nani.

"Kumbe siku hizi hata nta inaugua kifua kikuu," nikambeza.

"Ndiyo hivyo. Nta inaugua. Kwa hiyo siwezi kuapa kuwa mwanangu anaugua."

Kesho yake nikaichukua ile karatasi mkobani, nikaenda nayo kwa daktari. Akampigia simu Bi Nta mbele yangu. Nikasikia sauti yake inatoka mle simuni: "Mpe mama kiti, daktari. Lakini jibu hilo usilitumie. Ni la mwanangu, najua. Usilitumie."

Alifuta majibu yote kumi, yapimwe upya. Mkuu wake akamfokea mbele ya wenzake kwamba anajifanya malaika. Nyembe mpya zikachukua wiki tano kufika.

Wiki tano hizo nilizihesabu kwa mgongo wa mtoto. Kwanza aliacha kukimbia. Kisha akawa anatembea kaegemea ukuta. Kisha nikimpaka mafuta nikakuta mfupa umechomoza, kama kifundo cha kidole. "Bibi, hapo usiguse."

Nikamwambia mama yake, "Wewe ni mzazi au ni karani?"

"Ni vyote viwili, mama. Na vyote vinaniuma." Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Nyembe zikaja. Akakata upya masalio ya kile kinyama, wembe mpya kwa kila mgonjwa. Nta tupu ikatoka safi. Ya mtoto wetu: KIPO.

"Nilisema!" nikapiga meza. "Nilisema tangu mwanzo!"

"Ulibahatisha, mama."

Dawa alianza siku hiyohiyo. Maumivu yamekwisha, anakula, anaimba. Mgongo haukunyooka, na daktari ametuambia hautanyooka.

Kati ya wale tisa wengine, watatu hawakuwa na kifua kikuu hata kidogo. Mmoja ni fundi mwashi, alikuwa keshaanza kumeza vidonge vya kifua kikuu, kumbe ana saratani. Jumapili moja mke wake akaja kutushukuru.

"Mama, una mkwe wewe! Mungu akuwekee. Wamesema tumewahi, mume wangu anatibika."

Mtoto akaingia kumwamkia. Yule mama akapokea shikamoo, akautazama ule mgongo, akashusha sauti. "Alizaliwa hivi?"

Mimi jibu lilikuwa mdomoni, tena kali. Bi Nta akaniwahi. "Aliugua, dada. Sasa anapona."

Nikameza yale niliyotaka kusema, kwamba mgongo ule ulipinda tukingoja nyembe zilizomwokoa mume wake. Si kwamba nimemsamehe Bi Nta, mpaka leo sijamsamehe. Lakini yule mama alikuwa na mume wa kumrudisha hospitali kesho yake, na mtoto alikuwa amesimama palepale, anasikiliza.