Majogoo wa Mwanamvua

"Kuku wangu akipotea leo, kesho mtasikia msiba, na marehemu hatakuwa kuku!"

Mwanamvua binti Kondo aliyasema hayo laivu mbele ya watazamaji mia nne na kumi na mbili, mkono mmoja kashika jogoo kwa miguu, wa pili kashika kisu cha vitunguu. Watu wakarusha vikopa vya mapenzi kwenye kioo cha simu. Mmoja akauliza bei. Hivyo ndivyo anavyouza.

Ana miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Kisarawe, mwembamba, sauti ya kupasua bati. Anauza kuchi kwa simu. Kama hujawahi kumwona kuchi, shukuru: ni jogoo mrefu, shingo imenyonyoka, anakutazama kama ulimdhulumu shamba. Wateja wengi wako Kibaha, watumishi wenye nyumba za fensi, wanaotaka jogoo mmoja wa kuzunguka uani kama mkaguzi. Tatizo la kuchi ni moja tu. Wawili wakikutana, mmoja anazikwa.

Hilo Mwanamvua alijifunza kwa damu. Mwaka wa kwanza alipakia wawili kwenye tenga moja, akampa Rama wa bodaboda awapeleke Visiga. Rama alifika na jogoo mmoja asiye na jicho, na kitu kingine ambacho mteja alishindwa kukipa jina. Tangu siku hiyo kila jogoo ana banda lake, na mguuni amevishwa uzi wa shanga, zile zile za kiunoni ambazo shangazi yake huuza sokoni. Shanga nyeupe, bado anauzwa. Bluu, kalipiwa, anasubiri usafiri. Nyekundu, ameshaua, msimsogelee. Kwenye uzi kunaning'inia kipande cha dumu la mafuta chenye namba. Namba hiyo iko kwenye picha anayomtumia mteja, na iko kwenye daftari: uzito, umri, baba yake nani, kamtoboa nani na wapi.

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mwenzetu kaachika, sasa anavalisha shanga majogoo!"

"Hawa angalau wanarudi nyumbani jioni," aliwajibu.

Aliyekuwa harudi jioni anaitwa Faraji. Alimpa Mwanamvua talaka miaka miwili iliyopita, akabeba godoro na redio. Kuku aliwaacha, aliwaona takataka. Mwaka huu alipopata habari kwamba takataka moja inakwenda kwa laki na nusu, akakumbuka ghafla kuwa jogoo wa kwanza alimnunua yeye.

Jumatatu moja Mwanamvua alikuwa Ruvu, amefuata pumba za mpunga. Simu ikaita. Alikuwa Firdausi, jirani.

"Dada Mwana, shemeji yuko kwako na kirikuu. Anapakia kuku."

"Shemeji gani?"

"Huyo wako wa zamani! Anasema kawauza wote kwa mzee Castory wa Mkuza."

"Mzuie!"

"Ana panga, dada. Mimi nina mwiko."

Mwanamvua alitupa gunia pale pale, akarukia bodaboda, akamwambia dereva kwamba akipunguza mwendo atamng'ata. Dereva hakupunguza.

Castory alikuwa bwana shamba mstaafu, na majogoo tisa alishawalipia kwa simu. Mwanamvua alipoingia uani kwake, kirikuu ilikuwa ndiyo kwanza inazima. Hasira ilikuwa imemjaa hadi kwenye nywele, lakini mzee ni mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwenye kuku."

Faraji alikuwa kwenye kirikuu, anashusha matenga. Shanga zote alikuwa amezikata, na miguu ya majogoo ilikuwa mitupu. Na kwa kuwa matenga ni bei, alikuwa amesokomeza majogoo wanane katika matenga matatu. Yule mkubwa tu, Jemedari, alimpa la peke yake, kwa sababu alimdonoa.

Tenga la kwanza likafunguliwa. Jogoo mmoja alikuwa amesimama juu ya mwenzake, anamalizia ubongo. La pili lilikuwa na wawili hai wamegandana kwa damu, na chini yao wa tatu koromeo liko nje. La tatu, hata dereva wa kirikuu aligeuka akatapika. Kati ya wale wanane, wanne walikuwa wanapumua.

Mwanamvua hakulia. Alipiga hatua kuelekea kwa Faraji, Castory akaweka fimbo katikati.

"Mama, mimi sitaki kesi hapa. Huyu anasema wake, wewe unasema wako. Kuku hana kitambulisho."

"Muulize lebo zake ziko wapi!" Faraji akacheka. "Kila siku anatamba nazo kwenye simu. Ziko wapi leo?"

Mwanamvua aliokota mfu mmoja, akaunyoosha mguu wa kushoto wa jogoo huyo mpaka puani mwa mzee.

"Tazama kidole cha nyuma."

Ncha haikuwepo. Kwao, kifaranga akifika siku ya tatu hukatwa ncha ya kidole kwa kisu cha moto, na kila nyumba ina kidole chake. Kidole cha nyuma cha kushoto ni cha ukoo wa bibi yake, tangu kabla watu hawajajua namba. Castory akainama, akatazama mfu wa pili. Hana ncha. Wa tatu hana.

Hapo ngumi ya Faraji ikatua mdomoni mwa Mwanamvua. Jino la mbele likaruka na kudondokea kwenye matenga. Mwanamvua hakutafuta silaha, alikuwa nayo mkononi. Alimtandika Faraji kwa yule jogoo mfu, kushoto, kulia, kucha zikamchana sikio likaning'inia, akaendelea mpaka kichwa cha jogoo kikakatika.

"Muuaji wa kuku wewe! Mwizi wa godoro!"

Castory aliwamwagia ndoo ya maji kama mbwa wanaogombana. Walipoachana, mzee alimaliza ukaguzi. Majogoo wanane, hai na wafu, hawana ncha ya kidole. Akafika kwa Jemedari.

Kidole kizima.

"Na huyu?"

Mwanamvua aliutazama mguu ule. Jemedari alinunuliwa akiwa mtu mzima, hakupita kwenye kisu cha bibi. Kila jogoo ambaye Mwanamvua amewahi kumuuza ni mtoto wa Jemedari au mjukuu wake. Wateja walikuwa wanalipia damu hiyo. Bila yeye alikuwa amebakiwa na majeruhi wanne tu. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu, uongo ungepita humo bila mtu kuuona.

"Huyo alimnunua yeye," alisema. Kisha haraka: "Namnunua. Faraji, taja bei."

"Laki tano."

"Nakurushia sasa hivi."

Alikuwa ameshatoa simu. Faraji alimtazama, sikio linachuruzika, akaona jinsi yule mwanamke anavyobonyeza laki tano bila hata kuomba apunguziwe.

"Kumbe unamtaka hivyo."

"Faraji, pokea pesa."

"Imenichukua miaka kumi na moja kukuona umeomba kitu."

Alimtoa Jemedari kwenye tenga, akamkanyaga mbawa kwa kiatu, akachukua panga. Alisema Bismillah, ili nyama ifae kuuzwa. Mwanamvua alimrukia mgongoni, akazamisha meno yaliyobaki shingoni mwake, wakaanguka wote wawili. Panga lilikuwa limeshapita. Jemedari aliinuka bila kichwa, akakimbia mpaka kwenye matenga, akaparua mara mbili, akalala.

Faraji alikimbizwa kwenye zahanati akishika shingo. Mwanamvua alibaki amepiga magoti kwenye tope la damu, simu mkononi, kioo bado kinamuuliza kama ana uhakika na kiasi.

Castory, aliyetaka chochote cha kupunguzia hasara yake, alimnyonyoa Jemedari, akamtundika kwenye mzani. Kilo nne na robo.

Kilo ya kuku wa kienyeji Mkuza siku hiyo ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili; Jemedari mzima, elfu hamsini na moja.