Tuta Lililofunika Ndago

Siku moja naikumbuka kuliko siku zote nilizowahi kushika jembe, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka kichwa kinagonga. Usidhani namkasirikia mtu mwingine. Najikasirikia mimi. Lakini tangu Jumamosi iliyopita hasira hiyo imepata wa kugawana nayo, na huyo ni wewe na wenzako. Keti hapo, weka simu chini, usikilize. Leo sibembelezi mtu.

Jumamosi mlikwenda wanane kumlimia Mama Rehema, ambaye mguu wake umefungwa plasta na hawezi hata kuchuchumaa. Mmevaa fulana za kufanana, mkapiga picha, na saa nne mkawa mmeshamaliza. Saa nne! Nikapita jioni na fimbo yangu, nikachokoa tuta. Ndago. Nikachokoa la pili. Ndago! Na kama hujui ndago, basi hujalima bado. Juu ni jani jembamba la kuchekesha, chini kuna vijiazi vyeusi vimeunganishwa kama shanga za rozari. Ukikata jani umeisaidia kuota. Lazima uchimbe, uchambue udongo kwa vidole, utoe kila kijiazi ukakianike juani mpaka kife. Ninyi mmekata juu mkafunika. Nikamuuliza Mama Rehema, "Umeona walichofanya?" Akaangalia pembeni, akasema, "Wamejitahidi, mama." Wamejitahidi! Sikulala.

Najua mlivyofanya kwa sababu mimi ndiye fundi wa uovu huo. Mlizaliwa mkaukuta.

Nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili, tunakaa hapa hapa Cheyo. Tulikuwa wanawake watatu wenye zamu: mimi, Tatu na Veronika. Jumamosi hii tunalima kwangu, ijayo kwa Tatu, inayofuata kwa Veronika, kisha tunaanza tena. Hayakuwa mashamba, zilikuwa bustani za uani tu, nyuma ya jiko: viazi vitamu, mchicha, ngogwe, maboga yakitambaa kwenye ua. Lakini ndizo zilizotulisha. Mwenye zamu anapika, wenzake wanashika majembe, na kazi ya siku nne inakwisha kabla jua halijawa kali. Umoja ni nguvu, mnaandika hata kwenye fulana zenu. Wenzenu tuliujua kwa mgongo.

Mwaka ule mvua za kwanza zilimkuta Veronika ndani, amejifungua wiki mbili tu. Mtoto wa kwanza, na uzazi ulikuwa mgumu, damu ilimtoka nyingi. Mume wake alikuwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, anaonekana nyumbani kwa nadra. Zamu ilikuwa yake, na viazi vya bustani ile ndivyo vingemlisha yeye na mwanawe mpaka mavuno mengine. Alikuwa hana kingine, na sisi tulijua.

Sasa siku hiyo hiyo kulikuwa na harusi ya binamu yangu Gongoni. Nilikuwa na kitenge kipya, nimeshakipiga pasi, nimekitandaza kitandani. Tukafika kwa Veronika alfajiri, tukakuta bustani nzima imejaa ndago. Mimi, si Tatu, mimi kwa mdomo wangu, nikasema, "Tatu, tukizichimba zote hizi tutafika harusini watu wanaosha masufuria."

"Sasa tufanyeje?"

"Tukate juu, tupandishe tuta, tufunike. Nani atafunua?"

Basi. Udongo wetu wa kichanga unavyotii jembe, saa mbili zilitutosha. Tukachomeka marando ya viazi, matuta yamenyooka, yanapendeza kuliko hata ya kwangu. Haraka haraka haina baraka, lakini inavutia macho, nakubali.

Veronika akatoka mlangoni ameshika ukuta, uso umempauka. "Ahsanteni jamani. Mungu awalipe. Ingieni mle." Tukaingia. Alikuwa ametuchinjia kuku. Mwanangu, alikuwa kuku wake wa uzazi, aliyeletwa na mama yake kutoka kijijini ili apate supu ya kurudisha damu! Tatu alisita kidogo. Mimi sikusita. Nilipewa paja, nikala paja. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Methali hiyo niliijua tangu nikiwa mdogo, na bado nikatafuna mpaka mfupa. Kisha nikaenda harusini nikacheza. Nilicheza, wee! Kama mtu aliyetenda wema.

Wiki ya tatu ndago zikatoka. Zilitoka kila tuta, juu na ubavuni, kwa hasira, maana tulikuwa tumezilainishia udongo. Ncha ya ndago ni sindano, hutoboa kiazi kikiwa bado kichanga. Veronika hakumwita mtu. Arobaini haijafika, alifunga mtoto mgongoni akaingia bustanini kuchimba peke yake. Siku ya kwanza akachimba, ya pili akachimba. Siku ya tatu jirani yake, mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Bibi Kalunde, alisikia mtoto analia bila kunyamazishwa. Akamkuta Veronika ameanguka kati ya matuta, damu imelowesha kanga, mtoto yuko mgongoni bado. Wanaume wakambeba mpaka hospitali. Nusura tumzike, mwanangu. Kwa ajili ya kitenge.

Bibi Kalunde akaja kwangu asubuhi iliyofuata, kapu kichwani. Nilikuwa uani nachambua mchele kwenye ungo. Nikapiga goti, "Shikamoo Bibi." Hakuitikia. Mzee akikunyima marahaba ujue umekwisha. Akashusha kapu, akamwaga ndago zote, na udongo wake, juu ya mchele wangu.

"Chambua," akasema. "Chambua nikuone. Labda ulikuwa hujui."

"Bibi, mimi na Tatu tulikuwa..."

"Nyamaza! Babu zako walibeba mizigo kichwani kutoka hapa mpaka pwani. Mpagazi akichoka alisema nimechoka, wenzake wakatua wakapumzika naye. Lakini aliyechomoa mzigo wake akauficha ndani ya mzigo wa mgonjwa, huyo hawakula naye tena. Wewe umeuficha mzigo wako ndani ya mzigo wa mzazi, kisha ukala kuku wake. Huna hata haya ya kutapika!"

Akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akanisimamia mpaka nikatoa punje ya mwisho. Majirani wanapita, wanaona. Mume wangu alirudi kutoka kazini akatukuta hivyo, akasalimia, akaingia ndani bila kuuliza. Yeye salamu yake iliitikiwa.

Veronika aliporudi kutoka hospitali nilikwenda kumwomba radhi. Nilipiga magoti kwenye mkeka wake, nikamwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la "nani atafunua." Akanisikiliza, ananyonyesha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa nimelala chini ya dirisha, nawasikia. Jembe linalotafuta ndago haliendi mbio hivyo, Felista. Linasimama, linachokoa, linasimama."

"Sasa mbona hukusema? Mbona ukatuchinjia kuku?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Niseme nini? Mngenuna mkaenda zenu, na mimi ndoo ya maji siwezi kuinua. Anayesaidiwa ana mdomo wa kusema ahsante tu."

Neno hilo ninalo mpaka leo.

Alipona, mtoto naye alikua. Viazi havikupatikana, msimu ule alikula kwa kuomba. Na zamu ziliendelea, hapo ndipo aliponimaliza. Jumamosi ya kwangu Veronika alikuja wa kwanza. Alilima kwangu kama anayemtafuta mtoto aliyefukiwa, kijiazi kwa kijiazi, vidole vimechubuka, hata kimoja hakuacha. Kwa Tatu vile vile. Zamu yake ikifika anasema, "Kwangu pameshalimwa." Basi, hakuna neno la ziada, wala hajanuna. Mara moja nilikwenda kwa nguvu na jembe langu begani. Akanipokea jembe, akaliegemeza ukutani, akanipa kigoda na bakuli la uji. Akarudi bustanini akalima peke yake, mimi nimekaa namtazama. Alifanya hivyo miaka miwili, mpaka walipohamia Urambo kwa mumewe. Hakunisema vibaya kwa mtu yeyote. Heri angenitukana sokoni!

Sasa shika nasaha yangu, na uwapelekee wenzako kama ilivyo, usiitie sukari. Ukienda kumlimia mtu, ukachoka, sema umechoka. Acha matuta matano wazi kuliko kufunika kumi, maana tuta lililoachwa mwenyewe ataliona atafute wa kulimaliza, lakini lililofunikwa linamdanganya mpaka msimu umpite. Kwa mtu mzima wa afya ukilegea atakugombeza, mtayamaliza. Kwa mgonjwa, kwa mzazi, kwa mjane, kwa asiye na pa kwenda, hapo ndipo jembe lizame zaidi, kwa sababu huyo atakusifu hata ukimwangamiza. Ahsante yake usiifanye kipimo cha kazi yako. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; anayekuja kwenye dhiki yako kupiga picha ni mgeni tu, na mgeni mwenyewe mchafu.

Kesho alfajiri mtarudi kwa Mama Rehema, wote wanane. Mtabomoa kila tuta. Atawaambia jamani mbona pazuri tu, mmejitahidi. Msimwamini. Chimbeni. Na chakula mbebe chenu.

Haya, inuka. Nimekugombeza kwa sababu wewe ni damu yangu, na bado unafundishika. Mungu akupe mgongo wenye nguvu na mikono isiyoogopa udongo. Akupe marafiki wa zamu mpaka uzeeni. Na siku utakayolala ndani usiweze kuinuka, akuletee watu unaoweza kuwagombeza.