Bupe na Mashine Iliyojifunza Kuomba

Mwaka 2006 hakuna aliyemtangulia Bupe kufika ofisini kwetu Riverdale Park, Marekani. Programu yetu ya hospitali iliundwa kwa vipande, kila kimoja kikisubiri kingine, na kazi ya Bupe ilikuwa kuipangia kompyuta ianze na kipi, ifuatishe kipi. Tabu ni kwamba vipande vingine viliandikwa na kompyuta yenyewe katikati ya kazi, na haikujulikana vinahitaji nini mpaka vizaliwe. Mpango wa asubuhi uliharibika kabla ya chai. Kompyuta ikachukua kipande cha jana bila kutuonya, nasi tukatoa programu mbovu.

Viza ya Bupe ilitegemea kazi hiyo, ndiyo maana nilikasirika aliponiambia anataka kuacha kupanga kabisa, vipande vijipange vyenyewe. Wazo alilipata jikoni kwa rafiki yetu Flaviana, mji jirani wa Takoma Park, akina mama walipokuwa wakipikia harusi. Hawakuwa na ratiba. Aliyekosa tangawizi alisimama, akaomba, wa karibu akamenya, na pilau ikaendelea.

"Bupe, uki-automate hiyo kitu, hawa watu watakukeep ya nini?" nilimuuliza. "Na visa je?"

"Dada Nyaguthii, programu mbovu inaenda hospitali. We unataka nilale vipi?"

Ijumaa mchana alibonyeza kitufe kuujaribu mfumo wake mpya, sisi tumejazana nyuma ya kiti chake. Kipande kilianza, kikagundua kinahitaji kingine ambacho hakijaundwa, kikasimama chenyewe, kikakiomba. Kilipokipata kikaendelea pale kilipoachia, na vingine wakati huo vilikuwa vinachapa kazi. Tukabadilisha kitu makusudi, kuichokoza kompyuta tu. Ikajipanga upya bila kumsumbua mtu. Nimekaa na kompyuta tangu ujana wangu, na sijawahi kuona jambo zuri kama lile. Hasira zangu sijui zilikwenda wapi.

Haki, mkuu wetu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, alivua miwani. "Ni nani aliyeipa mpangilio huu?"

"Hakuna mtu," Bupe alijibu. "Vinaombana vyenyewe."

Haki akamuuliza, "Basi Jumatatu asubuhi wewe utafanya kazi gani?"

"Sijui, kaka Haki." Bupe aligeuza kiti kumtazama. "Nilijua utaniuliza hivyo. Nikabonyeza hivyo hivyo."