Damu Iliyomsafisha Jirani

Saa mbili asubuhi, mwanabiokemia anaingiza kwenye mashine tone la damu lililotolewa kisiginoni mwa kichanga, kisha anaikodolea macho skrini. Wenzake wanapiga soga. Yeye habanduki mpaka jibu litoke.

"Huyu mzima," anasema, akishusha pumzi kana kwamba mtoto ni wake.

Maabara nzima humwita Mgeni, ingawa amezeekea humo. Alifika nchi hii akiwa binti mdogo, yeye, mama yake na mdogo wake wa kiume wakikimbia vita vilivyomuua baba. Mama alikuwa ameumia mguu, basi huyo mdogo alibebwa mgongoni na jirani yao, mwanamke mwenye mizigo yake mwenyewe.

Kwenye kambi ya wakimbizi mtoto akaanza kuugua. Vidole vikavimba, macho yakawa manjano, akawa analia mifupa inamuuma. Zahanati haikuwa na kitu ila vidonge vya maumivu. Alipofariki, minong'ono ikaanza: kalogwa. Na nani, kama si yule aliyembeba?

"Msibani mama aliukataa mkono wa jirani," anasimulia. "Hawakusalimiana tena. Yule jirani alikufa akiitwa mchawi."

Binti alisoma chini ya turubai, akapata ufadhili, akaingia chuo kikuu kusomea kemia ya miili ya viumbe hai. Siku waliyofundishwa selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa, alitoka darasani akaenda kulia chooni. Dalili zote zilikuwa za mdogo wake. Akapima damu yake mwenyewe: naye amebeba urithi huo, ila haumuumizi.

Akamweleza mama yake.

"Kwa hiyo ilitoka kwangu?"

"Kwako na kwa baba. Hakuna aliyekosea, mama."

"Mimi nilimkosea yule jirani. Si ungeniacha tu na uongo wangu?"

Tangu hapo, watu wakimsifu kwa kuzaa msomi, mama huinuka akaingia ndani.

"Wanasema elimu ni taa," anasema Mgeni. "Hawakuambii kwamba ikiwaka utawaona na uliowakanyaga gizani."

Sasa anaomba kibali cha kupeleka vipimo vya selimundu kambini. Ameshakataliwa. "Mkimbizi apime wakimbizi?" afisa mmoja alimcheka. Ataomba tena.

Akiruhusiwa, ataanza na binti wa yule jirani, ambaye bado yuko kule na watoto wake.

"Nitamwambia kwamba mama yake hakuua mtu. Huenda akanifukuza, ni haki yake. Lakini nitalisema kwa sauti, majirani wote wasikie, kama walivyosikia lile la uchawi."