Picha kumi na moja za mkuyu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Geneviève Unyuthi amesimama katikati ya shamba la mihogo lililotelekezwa, kando ya barabara ya Bunia kwenda Gety, mkoani Ituri, uso ameuinamisha juu ya kisanduku cheusi kinachoning'inia kifuani. Mbele yake mvule mmoja unachomoza kwenye ukungu. Shina lake ni pana kuliko mlango wa kanisa.

Hapigi picha bado. Anangoja ukungu ushuke kidogo, shina lijitenge na kilima kilicho nyuma yake.

Barabarani, Assani, dereva wa pikipiki anayemwendesha tangu miaka minne iliyopita, amekwisha kugeuza pikipiki ielekee Bunia. Injini hajaizima.

"Mama Geneviève, dakika ngapi tena?"

"Tano."

"Tano ulisema tangu zamani, mama."

Kutoka bondeni unasikika mlio mmoja, mkavu. Wote wawili wanaganda. Unafuata wa pili, kisha wa tatu, kwa mwendo uleule, na mabega ya Assani yanashuka. Ni shoka.

Geneviève anabonyeza. Anazungusha kishikizo, anabonyeza tena, kisha anatembea haraka hadi barabarani bila kugeuka nyuma. "Nimeipata," anasema. "Twende."

Geneviève ana umri wa miaka arobaini na saba, na ni mama wa watoto wanne. Mkate wake wa kila siku unatoka kwenye chumba kimoja katika komuni ya Mbunya, mjini Bunia, anakopiga picha ndogo za kadi na za shule, na mwishoni mwa wiki harusi na ubatizo. Kazi hiyo anaifanya kwa kamera ya kisasa. Kisanduku cheusi, chenye lenzi mbili zilizopandana, ni cha miti tu.

Alikirithi kwa baba yake, marehemu Michel, aliyekuwa fundi picha wa misheni huko Mahagi. Hutumia filamu nyeusi na nyeupe, ambayo Bunia huitwa pellicule, na filamu moja hutoa picha kumi na mbili tu. Wafanyabiashara humletea kutoka Kampala kwa dola kumi na nne, karibu pato lake la siku mbili.

"Watu wananiuliza, juu ya nini hautii rangi," anasema. "Ukitia rangi, mutu anaona majani, anasema Ituri ni nzuri, anapita. Bila rangi anaona ganda la muti. Anaona fasi panga ilipita, pahali muti ulikatwa."

Katika miaka minane amepiga miti mikubwa sitini na tatu katika maeneo ya Irumu, Djugu na Mahagi. Kumi na tisa kati yake haipo tena. Mingine imekuwa makaa ya kupikia, mingine mbao, mingine imeishia kwenye tanuri za matofali. Wenye vijiji walipokimbia vita, miti ilibaki bila mtu wa kuisemea.

Kukatwa kwa mmoja kati ya hiyo kumi na tisa anajihesabia yeye mwenyewe. Mwaka 2021 alitundika picha zake katika ukumbi wa parokia na chini ya kila moja akaandika jina la mahali. Baada ya mwezi mmoja akasikia kwamba mnunuzi wa mbao alisimama mbele ya picha ya mvule wa kando ya mto, akanakili jina, akaenda na watu wake kuukata.

"Ule muti niliuua mimi," anasema. Tangu siku ile haandiki jina la mahali chini ya picha.

Kisha, Februari mwaka jana, akaingia studioni mwanamke aitwaye Elisabeth, anayeishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji. Alikuwa amefuata picha ndogo ya kadi. Akaona miti ukutani, akasahau kilichomleta.

"Muti wa kwetu ni mukubwa kupita hii yote," alisema.

Kwao ni kijiji karibu na Bule, ambacho hatukitaji jina kwa sababu za usalama. Kijiji kiliposhambuliwa, Elisabeth alipoteza mume wake, Marcellin, na watoto wawili. Majirani waliwazika haraka chini ya mkuyu uliokuwa nyuma ya nyumba, kisha wote wakakimbia siku hiyohiyo. Mtoto wa mwisho, Elysée, alikuwa mgongoni, mwenye umri wa miezi minane.

"Musalaba hatukuweka. Wakati haukukuwa," Elisabeth alimwambia mwandishi wa habari hii. "Tulisema, muti utabaki, ndiyo alama. Sasa Elysée anauliza baba iko wapi. Foto ya baba yake sina hata moja, zote ziliungua na nyumba. Nikamwambia Mama Geneviève: basi unipigie foto ya muti."

Geneviève alikataa. Elisabeth akarudi wiki iliyofuata, akakataliwa tena. Mara ya tatu mwanamke huyo alikuja na kipande cha katoni. Alikuwa amechora juu yake kilima, shule, chemchemi, nyumba na mti, na kwenye mizizi ya mti alama tatu.

"Niliweka ile katoni juu ya meza," Geneviève anakumbuka. "Kila nikikaa kula, naiona."

Mume wake, Aristide, mwalimu wa shule ya msingi, hakuficha hasira. "Weye si askari," alimwambia. "Ukikufa juu ya muti, nitaambia batoto nini?"

"Nilitia pellicule ndani ya kisanduku," anasema Geneviève. "Nilienda."

Ilikuwa Juni, siku ambazo malori ya soko yalikuwa yameanza tena kwenda Bule. Yeye na Assani waliondoka Bunia kabla ya jua kuchomoza, wakafuata nyuma ya lori moja hadi njia panda, kisha wakaingia peke yao kwenye njia iliyofunikwa na majani.

Mkuyu ulikuwepo. Matawi ya chini yalikuwa yamekatwa yote, na upande mmoja wa shina kulikuwa na jeraha bichi la msumeno, lenye kina cha kiganja cha mtu mzima. Utomvu wake ulikuwa bado haujakauka.

Aliyeanza kukata hakuonekana. Angeweza kurudi wakati wowote.

Geneviève alifunga kichujio chekundu kwenye lenzi ili anga litoke jeusi na mti usimame mbele yake. Alizunguka shina, akapiga pande zote nne. Akapiga mizizi pale katoni ilipoonyesha alama tatu, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona isipokuwa majani yaliyomfika kiunoni. Alipofika picha ya kumi na moja, Assani alikuwa amekwisha kupiga honi mara mbili. Ya kumi na mbili aliibakiza.

Wakirudi, kilomita mbili mbele, gogo lilikuwa limelazwa njiani. Asubuhi halikuwepo. Wanaume watano wenye silaha, wasio na sare, waliwaamuru washuke. Assani alilazwa kifudifudi, mikono kichwani. Mkubwa wao akakichukua kile kisanduku, akachungulia kwa juu.

"Hii mashini inatuma foto wapi?"

"Haitumi, chef. Foto inabaki ndani."

"Onyesha."

"Haiko na fasi ya kuonyesha. Ni ya zamani."

"Fungua, basi."

Kuifungua kungekuwa kuingiza mwanga, na mwanga ungeunguza picha zote kumi na moja. Geneviève aliomba atoe kwanza kitu kwenye mfuko. Akatoa picha tano alizokuwa amezisafisha zamani, za miti mitano, akawapa. Zikapita mkono kwa mkono.

"Miti tu? Hakuna mutu?"

"Miti tu."

"Nani anakulipa juu ya miti?"

"Hakuna."

Mmoja akacheka. Mkubwa hakucheka. "Hakuna mutu anafika huku bure," alisema. "Unapima fasi zetu."

Waliketishwa pale juani kwa saa mbili na zaidi. Mkubwa alikwenda kando, akazungumza kwenye simu, akarudi. Safari hii alisimama mbele ya gogo, bunduki kifuani, kidevu juu.

"Nipige mimi. Nione kama ni foto kweli."

Geneviève anasema hapo alielewa mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, picha hiyo ingekuwa ya kumi na mbili: baada yake angeikunja filamu yote ndani ya karatasi yake nyeusi, na kamera ingeweza kufunguliwa bila kuharibu chochote. La pili, kilomita saba mbele kulikuwa na kambi ya jeshi, naye angepita pale amebeba sura ya mtu huyu.

"Nikikupiga, pellicule inaisha," alimwambia. "Nitaikunja, halafu nitakufungulia utazame."

Tangu kisanduku kile kiwe mikononi mwake, hakuwahi kukielekeza kwa binadamu. Alibonyeza. Alizungusha kishikizo hadi kikawa chepesi, akafungua, akatoa filamu, akailamba gundi yake na kuibana, kisha akampa mwanaume kamera tupu. Mtu yule aliingiza kidole ndani, akakipitisha kwenye pembe zote.

"Kumbe ni boksi tu," alisema. "Foto yangu utaituma soko ya Bule. Acha namba yako ya simu."

"Ndiyo, chef."

Kabla ya kambi ya jeshi Assani alisimamisha pikipiki. Walikuwa na mafungu mawili ya sombe, majani ya mihogo, waliyonunua njiani asubuhi. Geneviève alifungua moja, akaisukuma filamu katikati ya majani, akalifunga upya.

Askari aliyewakagua alimwaga mfuko wote chini. "Mulikutana na watu?" aliuliza.

"Tulikutana na miti," Geneviève alijibu.

Askari aliusukuma mfuko kando kwa buti. Kisha akainama, akaokota fungu moja la sombe, akaliweka kwapani.

"Hii ni yangu. Pita."

"Sikujua alichukua gani," anasema Assani. "Mama alikumbatia lile lilibaki. Tulienda kilomita tatu nzima bila kufungua, niliogopa hata kumuuliza." Walipofungua fungu lililobaki, filamu ilikuwa ndani.

Siku ya pili Geneviève aliisafisha katika chumba chake cha giza, bafu lililozibwa kwa blanketi. Filamu ilipotoka majini alikata ile picha ya mwisho kwa mkasi kabla haijakauka, akaichoma kwenye jiko la makaa.

"Sikutazama ilitoka namna gani. Nilimuahidi, nikavunja ahadi, hiyo najua. Lakini ile foto ingeua mutu. Yeye, ama mimi, ama Assani."

Baadaye namba asiyoijua ilimpigia mara mbili kuuliza picha ya chef, yule mkubwa wa kizuizini. Alibadilisha laini, akafunga studio wiki tatu, akahamia kwa dada yake. Kizuizi kile hakipo tena, na wale waliokuwa pale wanasemekana kutawanyika. Ndiyo sababu amekubali kueleza. Hata hivyo, pikipiki ikisimama mbele ya mlango wake, huacha anachofanya hadi amwone aliyeshuka.

Elisabeth alipopewa picha, alifuta vidole kwanza kwenye kitenge. Aliipeleka mwangani. Akaweka kidole kwenye mizizi, akamwita Elysée. "Baba iko hapa. Yaya zako, wale walikutangulia kuzaliwa, iko hapa, na hapa."

Mtoto aligusa jeraha kwenye shina. "Na huu muti, nani alimukata?"

Novemba mkuyu uliangushwa, ukapelekwa kwenye tanuri ya matofali. Habari ilipoenea kambini kwamba kuna picha, watu walianza kufika Mbunya, kila mmoja na mti wake aliouchora kwenye katoni. Majina yao katika daftari la Geneviève ni thelathini na moja. Mvule wa njia ya Gety ni wa mmoja wao, mkulima aitwaye Fiacre, ambaye mama yake alizikwa hapo. Wengi Geneviève amewaambia bado. "Nimejifunza kukataa," anasema, "lakini katoni zao siwarudishii."

Mwezi wa tatu mwaka huu Kahindo, mwanamke anayenunua maharagwe Bule, alipita kile kijiji. Alimletea Elisabeth ujumbe kwamba kisiki kimechipua, na machipukizi yanafika magotini.

Tangu hapo Geneviève ametenga filamu moja, hairuhusu kutumika kwa mti mwingine. Barabara ikitulia, anataka kwenda tena, na safari hii Elisabeth awe kwenye pikipiki ya pili. Aristide amejua. Hajakubali, lakini ameuliza ni siku gani.

Elisabeth kwa upande wake amekwisha kununua jembe.

"Mama Geneviève asipige tukifika tu," anasema. "Angoje. Nitalima kwanza yale majani, nifagie. Bwana yangu alikuwa mutu wa usafi. Sitaki apigwe foto fasi iko chafu."